Gari Lililosimama Mpakani

Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, zimamoto ya Dunning hupika chapati za maji kituoni. Watu wa bonde zima huja kula na kuchangia mafuta ya gari. Mimi ndiye ninayekoroga unga, kwa hiyo mengi hunifikia. Na kila mwaka, Jumamosi hiyo hiyo, zimamoto ya Pell nao hupika chapati za maji kwao. Wao wanasema siku hiyo ni yao tangu zamani. Sisi tunasema ni wezi wa siku, na wa wateja.

Ndivyo tulivyoishi na watu wa Pell. Wao wana duka kubwa, wana lami hadi kanisani, na wana wazimamoto wawili wa mshahara. Sisi wa Dunning ni wakulima wa ngano na wafugaji, na wazimamoto wetu wote ni wa kujitolea. Mmoja ni fundi wa matrekta, mmoja ni mwalimu, waliobaki wanalima. Moto ukitokea, kila mtu anaacha kazi yake na kukimbilia kituoni. Hiyo ndiyo fahari yetu. Mtu wa Pell akitusifu kwa hilo, tunajiuliza anataka nini.

Katikati yetu na wao ipo barabara ya changarawe. Huo ndio mpaka. Upande huu kuna zimamoto yetu, bodi yetu na kodi yetu. Upande ule kuna vya kwao.

Aliye karibu na mpaka huo kuliko sote ni Corinne Haugen. Nyumba yake iko upande wetu, lakini pembeni kabisa. Akisimama jikoni kuosha vyombo, anakiona kituo cha Pell dirishani, na bendera yake. Kituo chetu hakioni. Kiko mbali, nyuma ya vilima vya ngano.

Corinne anaishi hapo na mumewe, Nels, na binti yao mdogo, Etta. Ngano ni ya Nels. Kondoo ni wa Corinne. Alianza akiwa msichana, na mwanakondoo aliyekataliwa na mama yake, akamlea kwa chupa. Kundi likakua. Anamjua kila kondoo kwa sura. Ukimwambia kondoo wote wanafanana, atakutazama kama mtu aliyemtukania watoto.

Baba yake ni Wendell Strode, mkuu wa zimamoto ya Dunning. Ameishika kazi hiyo tangu masharubu yake yakiwa meusi. Kwa hiyo tulikuwa tunamtania Corinne kwamba moto hauwezi kuthubutu kugusa nyumba ya binti wa mkuu. Moto hausikii utani.

Mwezi wa nane ni wa mavuno. Kabla ya mavuno, mvua ya ghafla ilinyesha. Nels aliogopa mvua ya pili, akafunga marobota ya nyasi kabla hazijakauka vizuri. Akayapanga bandani. Wengi wetu hufanya hivyo, na ni kosa. Nyasi zikifungwa na unyevu hupata joto ndani kwa ndani, hata bila kiberiti. Hutoa harufu tamu, kama ya tumbaku. Corinne aliisikia harufu hiyo. Alidhani Nels ameanza tena kuvuta sigara kwa siri, akamnunia. Nels naye hakujua amekosa nini.

Alasiri moja, jua likiwa kali, Corinne aliona moshi ukitoka kwenye paa la banda. Nels alikuwa mbali, juu ya mashine ya kuvunia. Kondoo walikuwa wameingia bandani kukimbia joto.

Corinne alipiga simu ya dharura. Alisema jina lake, mahali alipo, na kinachoungua. Alimweka Etta ndani ya gari, mbali na moshi. Kisha akakimbia kufungua mlango wa banda. Kondoo wachache walitoka. Lakini kondoo ana tabia mbaya wakati wa hofu. Mmoja akigeuka kurudi, wenzake humfuata. Waliotoka wakaanza kurudi ndani, kwenye moshi, na Corinne akawa anawavuta kwa manyoya.

Ndipo aliposikia king'ora. Aliinua kichwa. Gari la zimamoto la Pell lilikuwa linateremka kilima kwa kasi. Corinne alilia kwa faraja. Gari lilifika kwenye barabara ya changarawe. Likasimama.

Watu walishuka, wamevaa makoti mazito na helmeti. Walisimama kando ya gari lao. Corinne aliwapungia mikono. Aliwaita hadi sauti ikakauka. Hakuna aliyevuka. Mwanamke mmoja alikuwa anasema kwenye redio ya upepo, anasema tena, na tena.

Gari letu lilichelewa. Wazimamoto wetu walikuwa mashambani, kila mmoja kona yake. Wendell aliondoka kituoni na mtu mmoja tu. Alipotokea juu ya kilima na kuliona paa la banda limeporomoka, ndipo alipoongea kwenye redio. Papo hapo gari la Pell lilivuka barabara. Waliiokoa nyumba. Banda lilikuwa limekwisha, na kondoo waliobaki ndani, zaidi ya nusu ya kundi, walikuwa wamekwisha.

Mwanamke wa redio alimsogelea Corinne amwambie neno. Corinne alimpa mgongo.

Siku zilizofuata Dunning nzima ilikuwa na hadithi moja. Watu wa Pell wamesimama kutazama. Wengine waliongeza kwamba walicheka. Mimi sikuwepo, lakini hata mimi niliirudia hadithi hiyo, na sikuipunguza. Halafu, kabla majivu hayajazolewa, bodi ya zimamoto ya Pell ilituma ujumbe kwa bodi yetu. Walitaka tukae tuzungumze juu ya kushirikiana huduma.

Unaweza kufikiri tuliupokeaje ujumbe huo. Kwanza watuache tuungue, kisha waje na mkataba? Wengi waliona mpango mzima wazi kabisa. Pell wanataka kutumeza. Watachukua kituo, watachukua magari, watatupandishia kodi, na mwishoni tutapigiwa honi na watoto wa mjini wasiojua hata njia zetu.

Kabla ya mkutano, mwanamke yule wa redio alikwenda kwa Corinne. Jina lake ni Darla Quintero, kapteni wa zamu katika kituo cha Pell. Corinne alimkuta barazani na hakumkaribisha ndani.

"Sikuja kukuomba unisamehe," Darla alisema. "Nimekuja kukueleza."

"Nieleze. Uliniona?"

"Nilikuona."

"Uliwaona kondoo wakirudi ndani?"

"Niliwaona, dada. Na nilimuona mtoto kwenye gari. Angekuwa yeye ndani ya banda, au wewe, ningevuka na kesho yake nikafukuzwa kazi. Lakini tulikuwa na amri. Tusivuke hiyo barabara mpaka Dunning watuite."

"Amri ya nani?"

Darla alisema ni amri ya bodi ya Pell, lakini chanzo chake Corinne amuulize baba yake. Alimwomba aulize vizuri, bila kelele.

Corinne hakuamini. Alidhani mwanamke huyu anataka kumgombanisha na baba yake. Hata hivyo, neno likishaingia sikioni halitoki. Jioni alimfuata Wendell kwenye karakana yake na kumuuliza.

Mzee aliweka chini spana. Hakukana. Mwaka uliotangulia mabua ya ngano yaliungua upande wetu, karibu na mpaka. Pell waliona moshi wakaja bila kuitwa, wakauzima moto kabla Dunning hawajafika. Wendell alipofika aliona wameanza kukunja mipira ya maji. Aliaibika. Mbele ya watu wake aliwaambia Pell kwamba wakivuka tena bila kuitwa, atawashtaki. Basi bodi ya Pell ikawakataza watu wake kuvuka.

"Sawa," Corinne alisema. "Ulikasirika. Lakini siku ile kwa nini hukuwaita mara moja?"

"Nilitaka nione kwanza."

"Uone nini, baba? Si moshi uliuona kutoka kituoni?"

Wendell aliiokota tena spana. Corinne alilijua jibu. Alikulia ndani ya jibu hilo. Huku kwetu mkuu wa zimamoto haombi msaada kabla hajauona moto kwa macho yake na kuumwagia maji yake. Anayeita mapema huchekwa mwaka mzima. Tulikuwa tunaona huo ni uanaume. Hakuna aliyewahi kujiuliza kinaungua nini wakati mkuu bado yuko njiani kwenda kuona.

Corinne alirudi kwake akilia, na hakujua analia kwa hasira au kwa kumhurumia baba yake.

Mkutano ulifanyika kituoni kwetu. Tuliyatoa magari nje tukapanga viti. Watu walijaa. Watu wa Pell waliketi upande mmoja, sisi upande mwingine, kana kwamba barabara ya changarawe imepita katikati ya viti. Nilipika kahawa, na niliona wenzetu wa Pell wakiinusa kabla ya kunywa.

Mwenyekiti wa bodi yetu ni Bi Opal Rasch. Ana miaka mingi na imani chache. Hakuzunguka.

"Kapteni, nyinyi mna duka, mna lami, mna mishahara. Sisi tuna nini hadi mtutake?"

"Mna boza la maji, Bi Opal," Darla alijibu. "Sisi hatuna. Moto ukitokea mashambani kwetu, gari letu linaishiwa maji na tunabaki kutazama."

Watu walicheka. Bi Opal hakucheka, lakini aliandika kitu. Baadaye aliniambia kwamba mtu anayekwambia anachokitaka anaweza kuzungumzika. Wa kuogopwa ni yule anayesema hataki kitu.

Mzee mmoja wa Pell alisimama nyuma. Aliuliza kwa nini kodi yake izime moto wa Dunning, watu wasiotaka kuajiri hata mzimamoto mmoja. Fundi wetu wa matrekta alimuuliza jalala la Pell lilipowaka lilizimwa na maji ya nani. Kelele zikaanza. Bi Opal aligonga meza na kijiko changu cha kukorogea, nacho hakijanyooka mpaka leo.

Kisha mtu wa upande wetu akalitoa lile lililokuwa mioyoni. Alisema hatuwezi kushirikiana na watu waliosimama kutazama banda la Corinne likiungua.

Wendell Strode alisimama. Tulidhani atawatwanga maneno kama kawaida yake.

"Hawakusimama kwa kupenda," alisema. "Niliwakataza mimi, mwaka jana. Na siku ile walikuwa wananiomba ruhusa kwenye redio. Niliwajibu wasubiri nione."

Akaketi. Sikuwahi kumwona mtu aliyeketi kati ya watu wengi vile akiwa peke yake vile.

Darla aliachiwa nafasi aeleze. Alieleza taratibu, na hakumtazama Wendell. Alisema majirani wanaweza kusaidiana kwa njia zaidi ya moja. Njia tuliyokuwa nayo ni msaada wa kuombwa. Jirani haji mpaka mkuu aite, na mkuu akisita, muda unapotea. Njia ya pili ni msaada wa papo hapo. Mtu akipiga simu ya dharura, mpokea simu anatuma gari lililo karibu zaidi, la Pell au la Dunning, pamoja na la wenye eneo. Hakuna anayeomba. Hakuna anayesubiri.

"Mchana wazimamoto wenu wako kazini, mbali na kituo," alisema. "Hilo si kosa lenu. Vijijini kwingi ndivyo ilivyo siku hizi. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka."

Bi Opal aliuliza kama hii si kuungana kwa mlango wa nyuma. Darla alisema hapana. Kuungana ni jambo jingine, na haliwezekani bila wananchi wa pande zote kupiga kura. Katika ushirikiano huu kila upande unabaki na kituo chake, magari yake, bodi yake na kodi yake. Watu wanafanya mazoezi pamoja, wananunua vifaa vinavyolingana, na wanasaidiana moto ukitokea. Basi.

"Nyinyi mnasema," Bi Opal alijibu. "Ukimpa mtu shubiri atataka pima."

Ndipo Corinne aliposimama. Alikuwa amembeba Etta kiunoni. Alisema hakuja kuwaambia watu wapendane.

"Mimi siwaamini Pell," alisema. "Na tangu mwezi wa nane simwamini hata baba yangu. Ndiyo maana nataka iandikwe. Mambo yetu yote yalikuwa ya kuaminiana na kununiana. Leo mkuu kaamka vizuri, gari linakuja. Kesho kanuna, gari linasimama barabarani. Nataka karatasi inayowalazimisha waje hata siku tunayochukiana. Kama hamwaminiani, andikeni masharti ya watu wasioaminiana. Lakini andikeni."

Nikiri kwamba maneno hayo yaliniingia. Tulikuwa tunadhani wasiwasi ni sababu ya kukataa mkataba. Kumbe wasiwasi ni sababu ya kuuandika vizuri.

Basi Bi Opal alipata kazi ya moyo wake. Yeye na mwanasheria, pamoja na bodi ya Pell, walikaa na ule mkataba kama watu wanaochambua mchele wenye mawe. Upande wowote unaweza kujitoa, mradi utoe taarifa mapema. Gari la upande mmoja likiwa limekwenda kusaidia, upande mwingine unaangalia eneo lililobaki wazi. Kila mwaka bodi zote mbili zinakutana na kuuliza nani amemsaidia nani, na kama kuna anayenyonywa. Na anayefika kwanza kwenye moto ndiye anayeamuru, awe wa Pell au wa Dunning, mpaka wakubaliane kukabidhiana.

Hapo Wendell alikwama.

"Akifika kwanza yeye, aniamuru mimi?" aliuliza.

"Ndiyo, Mkuu," Darla alisema. "Na ukifika kwanza wewe, utaniamuru mimi."

"Hata nyumbani kwa binti yangu?"

"Popote. Moto hauwezi kuwa na wakuu wawili."

Wendell alivaa kofia yake akatoka nje. Hakuupinga mkataba, lakini hakuusifu. Bodi yetu ina watu watatu. Wawili waliukubali, mmoja aliukataa. Bi Opal alikuwa miongoni mwa waliokubali. Alipotia sahihi aliwaambia watu wa Pell kwamba atawatazama.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa kichekesho. Tulipotaka kuunganisha mipira yetu ya maji na yao, haikuingiana. Vichwa vya mipira yao vina nyuzi nyembamba za kukazia, vya yetu vina nene. Miaka yote hiyo tumekuwa majirani, na hata siku ile ya banda, tungetaka kupeana maji tusingeweza. Ikabidi vinunuliwe viungio vya kati, na kila gari likawekewa chake. Redio nazo, isipokuwa ya mkuu na ya kapteni, hazikuwa zinasikilizana. Zikapangwa upya. Kila baada ya zoezi, Pell walihesabu shoka zao, na sisi tukahesabu zetu. Hakikupotea kitu.

Masika ilipita, mavuno yakapita. Boza letu lilikwenda Pell kuzima moto wa nyasi kando ya reli. Yule mzee aliyelalamikia kodi yake ndiye mwenye shamba lile. Alishukuru kwa sauti ndogo. Corinne na Nels walijenga banda jipya, na safari hii marobota yalikauka kwanza. Nels alinunua kipimajoto kirefu cha kuchomeka ndani ya robota. Kundi la kondoo likaanza upya, polepole.

Kisha baridi ikaja. Nyumba zetu nyingi zina jiko la kuni, na bomba la moshi linalopanda ukutani hadi juu ya paa. Bomba hilo hujaa masizi mazito yanayonata. Linatakiwa lisafishwe kila mwaka kabla ya baridi. Nels alikuwa amepanga kulisafisha. Alikuwa amepanga mambo mengi mwaka ule.

Asubuhi moja, Nels akiwa ameenda kuwalisha kondoo, Corinne alisikia ngurumo ndani ya bomba, kama upepo mkubwa. Bomba lilianza kuwa jekundu. Hakumwaga maji kwenye jiko, maana jiko la chuma lenye moto mkali likimwagiwa maji ya baridi hupasuka. Alifunga matundu ya hewa ya jiko, akambeba Etta, akafunga mlango nyuma yake, akapiga simu akiwa uani kwenye theluji. Hakurudi ndani kuchukua hata koti.

Alikuwa bado anaongea na mpokea simu, gari la Pell likaingia uani. Halikusimama barabarani. Halikupunguza hata mwendo kwenye changarawe. Darla aliruka chini, akauliza kama kuna mtu ndani, akaambiwa hakuna. Alimvalisha Etta helmeti yake ya akiba na kumfunika Corinne kwa blanketi. Watu wake wakapanda juu ya paa, wengine wakaingia sebuleni. Moto wa ndani ya bomba ukazimwa, na Nels akafika akikimbia na uma wa nyasi mkononi, hajui hata amchome nani.

Gari la Dunning lilifika baadaye. Wendell aliteremka. Alitazama paa, akatazama watu wa Pell wakipita kwenye mlango wa nyumba ya binti yake kama kwao. Sote tuliobaki kituoni tulikuwa tunasikiliza kwenye redio. Nilikuwa na wasiwasi naye, sifichi.

Darla hakumpa muda wa kufikiri.

"Mkuu, ukuta wa nyuma ya jiko una joto. Nani anaujua ukuta huu?"

"Mimi niliujenga," Wendell alisema.

"Basi upasue. Naogopa kuna moto ndani."

Watu wawili wa Dunning walimtazama mkuu wao. Katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kumpa amri mbele yao.

"Sawa, Kapteni," alisema. Akachukua shoka, akaingia.

Hakupiga ovyo. Alijua mbao za ndani zilipo, akapiga pale pale. Ubao wa tatu ulipobanduka, makaa mekundu yalimwagika kutoka ndani ya ukuta hadi sakafuni. Yalikuwa yameanza kupanda kuelekea chumba cha Etta. Kijana wa Pell alikuwa nyuma yake na mpira wa maji. Waliyazima pamoja, wakapasua zaidi, wakagusa kila ubao kwa mikono hadi wakaridhika kwamba umepoa. Darla alisema baadaye kwamba yeye asingejua pa kupiga, na wangemaliza ukuta mzima huku moto ukipanda.

Nyumba ilibaki. Ilinuka moshi, sebule ilikuwa na tundu la kupita ndama, lakini ilibaki.

Wendell alitoka akaketi kwenye ngazi ya baraza, uso mweusi kwa masizi. Corinne aliketi kando yake, bado na blanketi. Alikuwa ametazama muda wote jinsi gari la Pell lilivyofika upesi. Swali lilikuwa limemkaa tangu lilipoingia uani, na hakuweza kulimeza.

"Baba. Siku ile ya banda. Wangevuka walipofika tu, tungeokoa kondoo wangapi?"

Wendell alivua glovu moja, kisha ya pili. Alikuwa anaweza kusema hajui. Sisi tungemwamini.

"Wote," alisema.

Corinne alifungua blanketi, akamfunika baba yake nusu, maana alikuwa amelowa na baridi ilikuwa kali. Ndani ya nyumba watu wa Pell na watu wa Dunning walikuwa wanazoa makaa na kufuta sakafu, kila kundi likichunga ndoo zake.